Mwezi Uliochelewa Nusu Saa

Wifi yangu ana miaka arobaini na moja. Hana mume, hana mtoto, ana mwezi. Wala si huu mwezi wetu sote, unaowamulikia wezi na wapenzi bila ubaguzi. Wake ni jiwe fulani linalozunguka sayari moja ya mbali, dogo kiasi kwamba wakubwa waliokuwa wakigawa majina ya mbinguni walipofika kwake walikuwa wameshachoka, wakalipatia namba tu. Yeye analiita Kadogo, na kwetu Kadogo huulizwa hali kama mtoto wa ndugu.

"Kadogo hajambo?" mume wangu humtania dada yake akiwa hata viatu hajavua.

"Hajambo kaka. Ila anachelewa."

"Mwambie aoe, atawahi kurudi."

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na ile ofisi ya mambo ya anga nimeifagia miaka ishirini na minne, kwa hiyo mtu asinieleze habari za wasomi. Nawajua mpaka chini ya meza zao. Wifi alipopata kazi pale ya karani wa hesabu mimi nilishakuwa mkongwe, nikamwonyesha choo kipi kina maji na bosi yupi ana mikono mirefu. Mengine alijifunza mwenyewe.

Chumba chake kipo mwisho wa korido, baada ya choo cha wanaume, na hilo linakwambia ofisi inakithamini kiasi gani. Kina makabati ya chuma, na ndani ya makabati kuna vioo, elfu mbili na mia nane, kila kimoja ukubwa wa daftari la shule. Ni picha za anga za zamani. Ukikiinua kimoja dirishani unaona vidoa vyeusi tu, utadhani nzi walikutana hapo wakala wakashiba wakasahau adabu. Doa kubwa ni sayari. Vidoa vinne vya wastani ni miezi yake mikubwa. Kile kinukta kinachojibana ubavuni mwa sayari, ambacho mtu mwenye akili zake angekifuta kwa kitambaa, ndiye Kadogo.

Kazi ya wifi ni kukiweka kioo kwenye chombo chenye lenzi na skrubu, kuzungusha skrubu polepole kama mtu anayefungua kabati la mwenzake, na kuandika. Anaandika Kadogo yuko umbali gani na sayari, yuko upande gani, na kinukta chake kimekolea kiasi gani, maana kukolea ndiko kung'aa. Halafu kioo kingine. Miaka saba. Nikiingia kudeki ananiambia, "Wifi, kanyaga taratibu." Jiwe lipo mamilioni ya kilomita, eti mimi nikitembea linatikisika.

Picha zenyewe alizipiga marehemu mmoja, mzee mpole aliyeishi peke yake, ambaye sisi tulimwita Mpiga Picha. Alikuwa anaingia jioni sisi tukiwa tumeshaondoka, anapanda kwenye darubini, anapiga vioo vyake, na katika daftari anaandika tarehe na saa ya kila kimoja kwa mwandiko wa kuchongwa. Alifanya hivyo miaka kumi na moja. Akafariki, na mwaka huohuo kioo cha darubini kikaingia ukungu, ikafungwa. Mpaka leo imefungwa. Barua ya kuomba fundi nadhani bado inapanda ngazi.

Basi wifi akachukua saa zilizoandikwa na marehemu, akazilinganisha na vitabu vya kigeni vinavyosema Kadogo anatakiwa kuwa wapi saa ngapi. Kadogo anamzunguka mama yake kwa saa saba na nusu hivi, mbio mbio kama aliyeacha chungu jikoni. Akakuta anachelewa. Na kadiri miaka ilivyokwenda, alizidi kuchelewa. Kwa hesabu zao, mwezi unaochelewa zaidi na zaidi ni mwezi unaosogea mbali na sayari. Anahama. Na kutokana na jinsi anavyohama, wifi akakadiria hata uzito wake. Jambo moja tu lilikataa kumtii: huo mng'ao. Alitaka ajue kutokana nao Kadogo ana umbo gani, lakini akichora nukta zake kwenye karatasi zilitapakaa kama punje zilizomwagwa, kisha kuku akapita juu.

"Umbo litakuja," aliniambia. "Kuhama kwanza."

Kuhama kwanza, kwa sababu Jumatatu lilikuwa linakuja jopo la wataalamu kuamua vyumba vipi vibaki na vipi vifungwe. Mkuu wetu mpya, kijana mwenye tai fupi, alimwambia waziwazi: "Dada, ukiwaonyesha jambo la maana, chumba chako kinabaki. Usipowaonyesha, vioo vinakwenda stoo na wewe unakwenda masijala."

Masijala yetu haina dirisha. Waliomo wana rangi ya uyoga. Wanagonga mihuri kwenye barua mpaka wanastaafu, na wakistaafu mikono inaendelea kugonga yenyewe. Wifi wangu masijala angekufa mwaka wa kwanza, na mimi ndiye ningemfagia.

Ijumaa akaja jikoni kwangu kufanya mazoezi ya hotuba. Mimi nakata vitunguu, yeye amesimama karibu na friji na karatasi zake.

"Ukiona sielewi?" nikamwuliza.

"Ukielewa wewe, jopo litaelewa."

"Asante kwa heshima."

Akaanza. Waheshimiwa huko, waheshimiwa huku, mvutano, mzingo, nikamwambia aache maua aonyeshe mti. Akashusha pumzi, akaweka karatasi juu ya friji.

"Sawa. Wifi, sikiliza. Miaka miwili ya mwanzo Kadogo anafika kwa wakati. Kisha anaanza kuchelewa, kama dakika kumi. Baada ya miaka michache, kama ishirini. Mwishoni, nusu saa kamili. Mimi nimepitisha mstari katikati, ukapanda vizuri sana."

Kisu kikasimama.

"Kumi," nikasema. "Ishirini. Nusu saa."

"Ndiyo."

"Marehemu alikuwa anatumia saa gani?"

"Ya darubini, bila shaka."

"Ya darubini ilikufa mapema, wifi. Ilisubiri kipuri mpaka ikaota kutu. Yule mzee akiingia jioni alikuwa anasimama koridoni, anatazama saa ya ukutani, anarekebisha saa yake ya mkononi ndipo anapanda. Mwenyewe nilimwona, siku nilizobaki kumalizia sakafu."

"Sasa ubaya uko wapi?"

Ubaya nikamweleza, na nitaueleza hapa, maana ni historia ya ofisi nzima na haimo katika ripoti yoyote. Mkuu wa zamani alichukia watu wachelewaji. Siku moja akaniita, akafunga mlango, nikadhani ni yale mambo nikashika ufagio vizuri. Kumbe anataka nipande kwenye kiti niisogeze saa ya koridoni mbele dakika kumi. "Iwe siri yetu," akasema. Siri ilikaa mpaka saa nne asubuhi. Watu wakazoea, kila mmoja akiitazama saa anatoa kumi kichwani. Akaniita tena, tukafika ishirini. Wakatoa ishirini. Tena, tukafika thelathini. Na watumishi wale walikuwa na akili zao: asubuhi kuingia wanatoa thelathini, jioni kutoka hawatoi kitu. Mkuu akitoka chumbani kwake kuaga, anaaga viti.

Sisi wa mchana sote tulijua, mpaka muuza vocha wa getini. Asiyejua alikuwa mmoja tu, yule anayeingia tukishaondoka. Mimi niliyemwona sikuwaza kwamba dakika zina kazi huko juu, na mwingine wa kumwambia hakuwa naye. Alikuwa analalamika kwamba redio yake siku hizi inachelewesha taarifa ya habari.

Wifi hakukaa chini. Alishuka tu na mlango wa friji mpaka akawa sakafuni.

"Miaka saba," akasema. "Miaka saba unaingia chumbani kwangu na ndoo. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

"Ningekuulizaje kitu nisichokijua!"

"Na mimi ningekujibuje kitu usichoniuliza? Wewe kila siku unaniambia radiani na sijui nini. Leo ndiyo mara ya kwanza umesema dakika."

Akalia kidogo. Nikamwacha, nikamaliza vitunguu, angalau nilikuwa na kisingizio changu. Halafu akapangusa uso, na nikaona jicho lake limebadilika, limekuwa lile la kwenye lenzi.

"Ngoja. Kama ni saa, hatachelewa Kadogo peke yake. Na ile miezi mikubwa minne itakuwa inachelewa, siku hiyohiyo, dakika zilezile. Ile sikuwahi kuipima, kila mtu anaijua." Akanishika mkono, na kitunguu ndani. "Ulipanda kwenye kile kiti lini? Nataka tarehe."

"Tarehe! Mimi naandika shajara ya ufagio?"

"Wifi. Tafadhali."

Tukazitafuta kama watu wanaotafuta hereni iliyoanguka. Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu niliyorudi kazini kutoka likizo ya uzazi wa mtoto wangu wa pili. Nilikumbuka kwa sababu nilipoinua mikono kwenye ile saa maziwa yalitoka yakalowesha sare. Kadi ya kliniki ikatupa mwezi, na likizo ikatupa siku. Mara ya pili ni wiki mama mkwe alipoanguka bafuni akavunjika nyonga, na hiyo wifi aliijua mwenyewe kwa uchungu wake, ni mama yake. Ya tatu sikuhitaji kadi. Niliisogeza saa asubuhi, na saa sita mchana wakaniita kwenye simu kuniambia baba amefariki. Nilikuwa naitazama ile saa wakati naambiwa, na akili yangu, ilivyo ya kijinga, ikasema: bado nusu saa, bado yuko hai.

Jumamosi tukaenda ofisini wawili. Mlinzi akatuuliza tumefuata nini, nikamwambia tumesahau mwezi. Wifi akatoa vioo vya kabla na vya baada ya kila tarehe, akapima ile miezi minne mikubwa mmoja mmoja. Mimi nilikaa juu ya ndoo nikasoma namba za daftarini kwa sauti. Kufika mchana alikuwa ameacha kuandika.

"Vipi?"

"Kumi, kumi, kumi na kumi," akasema. "Kuanzia Jumatatu yako ileile. Na ya mama hivyohivyo. Na ya baba yako." Akazima taa ya chombo. "Kadogo hajasogea hata hatua moja. Nimemsingizia."

Hapo mimi nikasema neno, na sitalificha, maana nililisema nikiwa na akili timamu. Nikamwambia anyamaze.

"Nani atajua?" nikasema. "Marehemu hasemi. Wale wa mchana wamestaafu, wamesahau hata majina yao. Wewe simama Jumatatu, sema Kadogo anahama, upate chumba chako. Wataalamu wangapi wanasimama na maneno matupu kuliko hayo, na mimi ndiye ninayewapelekea maji ya kunywa?"

Sitasema hakufikiria. Alifikiria; nilimwona akiyatazama makabati, kisha dirisha.

"Watapeleka darubini kubwa kumtafuta," akasema. "Watatazama pale nilipowaambia mimi, na hawatamkuta. Nitakaa na chumba changu nikisubiri siku hiyo. Hapana, wifi. Heri mihuri."

"Basi wewe na mihuri yako mtajuana," nikasema, nikabeba ndoo. Nilikuwa na hasira kweli. Lakini sikuondoka, nilideki korido ambayo haikuwa chafu.

Jumapili hakuja kula. Mume wangu akampigia simu, akajibiwa neno moja, "Baadaye," na simu ikakatwa. Nikafunga chakula kwenye bakuli nikampelekea. Nilimkuta amesambaza karatasi mpaka mlangoni, hajachana nywele, na amerekebisha saa zote, kila kioo kwa dakika zake. Kwa kuwa saa zimebadilika, ilibidi achore upya na ule mng'ao uliokuwa umemshinda.

"Njoo uone," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemwona nyoka.

Zile punje zilizotapakaa zilikuwa zimejipanga. Zinapanda, zinashuka, zinapanda tena, zinashuka tena, mara mbili kila mzunguko, kama barabara ya vilima. Mimi si msomi lakini foleni naijua nikiiona.

Jumatatu ukumbi ukajaa. Jopo watu watano, mwenyekiti wao mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba na macho yasiyonunua maneno. Na safu ya mbele, mgeni wa heshima, nani? Mkuu wa zamani mwenyewe, kwa suti ya kahawia, amealikwa kupamba. Mimi nilikuwa nyuma na chupa za chai.

Wifi akapanda. Waliotangulia walizungumza robo saa kila mmoja kujisifu. Yeye akaanza hivi:

"Mpaka Ijumaa nilikuwa naamini mwezi huu unahama. Hauhami. Tuliokuwa tunachelewa ni sisi wa ofisi hii." Akaeleza habari ya saa, bila kumtaja mtu.

Mkuu mpya akafunga macho. Watu wakaanza kunong'onezana, mmoja akacheka. Mwenyekiti akanyoosha kidole.

"Bibi, unaliambia jopo kwamba saa ya taasisi ilipotoshwa kwa makusudi? Kwa amri ya nani?"

Mkuu wa zamani akakohoa. "Mambo ya kale haya," akasema. "Mimi sikumbuki saa yoyote. Makarani siku hizi wakikosa jibu wanasingizia ukuta."

Pale nikaona wifi ametazama chini. Na mimi, ambaye Jumamosi nilimwambia anyamaze, nikaweka chupa mezani.

"Shikamoo mzee," nikasema kwa sauti ya korido.

Akageuka. "Marahaba." Akanitambua. Ungeona shingo ilivyoingia kwenye kola.

"Mzee, uliniita mara tatu. Ya kwanza nilikuwa nanyonyesha. Ya pili ukaniambia nisianguke kwa sababu hukutaka kuandika ripoti. Ya tatu nilifiwa na baba siku hiyohiyo, na ulikuja msibani, Mungu akubariki, ila ulikuja umechelewa."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mzee akainuka nusu, akakaa. Kisha akapiga goti lake kwa mkono.

"Walikuwa hawafiki!" akalia. "Mheshimiwa mwenyekiti, saa tatu asubuhi naongea na makabati! Ningefanya nini?"

"Kwa hiyo ni kweli," mwenyekiti akasema.

"Ni kweli. Thelathini. Na bado hawakufika."

Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia wifi. "Sasa umekuja kutuambia huna ugunduzi?"

"Ule wa kuhama sina. Nina huu." Akaonyesha mchoro wa vilima. Akaeleza kwamba Kadogo si wa mviringo, ni mrefu, urefu karibu mara mbili ya upana, kama kiazi kitamu. Akitugeuzia ubavu anang'aa, akitugeuzia ncha anafifia. Na ncha moja imeelekea sayari siku zote, haigeuki, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Kuyaona hayo kulihitaji picha nyingi zenye saa sahihi, na sasa zipo, za miaka kumi na moja, kwa sababu makosa yake yanajulikana mpaka siku.

"Na uzito wake?" mmoja wa jopo akauliza.

"Uzito sijui," wifi akasema. "Nilikuwa naujua Ijumaa."

Hapo ndipo mwenyekiti alipovua miwani. Akaomba ule mchoro, akautazama karibu, akaupitisha kwa wenzake, wakainamisha vichwa wakanong'ona, na mimi nikamwaga chai ya mtu kwenye sahani bila kuona. Mwisho akasema vioo visihamishwe, chumba kibaki, na huyu bibi asahihishe na madaftari mengine yote ya marehemu ya miaka ile, kwa sababu kila aliyewahi kuyatumia sasa ana mwezi au sayari iliyochelewa. Cheo hakutaja. Msaidizi hakutaja. Wifi akasema asante, akashuka akishika meza.

Alinifuata kwenye chumba cha chai, akakaa juu ya kreti la soda.

"Si umeshinda?" nikamwambia. "Mbona uso huo?"

"Nilikuwa nikimuaga Kadogo kila jioni kabla sijafunga kabati," akasema. "Usicheke. Miaka saba nilidhani anaondoka. Nilishazoea kwamba anaondoka."

"Na kumbe yupo."

"Yupo."

"Si afadhali?"

Akafikiria, kwa kweli kabisa, kama anavyofikiria kila kitu mtu mwingine angekijibu upesi. "Ni afadhali," akasema. Kisha akachukua kitambaa changu cha kufutia vikombe, kile safi, akapenga kamasi humo mpaka ikasikika koridoni, na siku hiyo nikamwachia.